Joy Adamson: Mchoraji aliyehifadhi mavazi ya ngozi ya Wakenya

JINA la Joy Adamson linapotajwa, wengi humkumbuka simba jike Elsa, aliyelelewa katika nyumba ya mwanamke huyu na mumewe mjini Isiolo. Hata hivyo, kabla ya Elsa kuzaliwa, Bi Adamson alikuwa amekwisha kuifanya kazi nyingine ambayo thamani yake kwa Wakenya huenda ikawa kubwa zaidi. Aliwachora watu wa jamii mbalimbali za nchi hii wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya asili, wakati ambapo mavazi hayo, mengi yakiwa ya ngozi, yalikuwa yakitoweka.

Alizaliwa Januari 20, 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa sehemu ya milki ya Austria na Hungaria, akapewa jina Friederike Victoria Gessner. Alisomea Vienna, ambako alijifunza piano, uchongaji na ushonaji wa nguo. Mafunzo hayo ya ushonaji hayatajwi sana na waandishi wa maisha yake, ilhali mtu aliyewahi kukata kitambaa na kukishona hulitazama vazi kwa jicho tofauti.

Alifunga ndoa mara tatu. Mume wa kwanza, Viktor von Klarwill, alimtuma Kenya mwaka wa 1937 atafute mahali pa kuhamia, kwani Myahudi hakuwa na usalama Ulaya wakati huo. Akiwa safarini melini alikutana na Peter Bally, Mswisi mtaalamu wa mimea, ambaye alifunga naye ndoa mwaka wa 1938. Bally ndiye aliyempa jina la Joy, na ndiye aliyemhimiza achore maua ya porini. Michoro hiyo ilimletea nishani ya dhahabu ya Grenfell kutoka kwa chama cha kifalme cha kilimo cha bustani cha Uingereza mwaka wa 1947. Kufikia hapo alikuwa tayari mke wa George Adamson, afisa wa wanyamapori, waliyeoana mwaka wa 1944.

Isiolo, ambako wawili hao waliishi kwa miaka mingi, ulikuwa mlango wa kuingilia Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Hapo walikutana Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wasomali na Wameru. Ni mji wa mifugo, na penye mifugo ngozi haikosi kazi.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilimpa Bi Adamson kazi ya kuchora jamii za Kenya. Kwa miaka kadhaa alizunguka nchi nzima akiwa na brashi na rangi, akatoa picha na michoro zaidi ya 500. Wakati huo amerikani na nguo nyingine za dukani zilikuwa zimeenea hata vijijini, na katika sehemu nyingi vazi la ngozi lilibaki kwa wazee au kwa siku ya sherehe tu.

Kilichokuwa kikipotea si nguo pekee bali ufundi mzima. Ngozi ya mbuzi au kondoo iliwambwa ardhini kwa mambo hadi ikauke, ikakwaruzwa nyama na manyoya, kisha ikapakwa mafuta na kusuguliwa kwa mikono hadi ilainike kama kitambaa. Ilitobolewa kwa msharasi na kushonwa kwa uzi wa kano. Kazi hiyo ilichukua siku nyingi, na kwa kawaida ilikuwa ya wanawake.

Tena vazi lilitengenezwa kwa ajili ya mtu maalumu. Ngozi ya msichana wa Kiturkana, iliyopambwa kwa vipande vya maganda ya mayai ya mbuni, haikuwa ngozi ya mke wa mtu. Mwanamke Msamburu alipakwa ngeu na kuvikwa ngozi yenye shanga kulingana na umri na hadhi yake. Aliyejua kusoma mishono hakuhitaji kuuliza kama mvaaji ameolewa.

Bi Adamson aliyachora hayo kwa uangalifu mkubwa. Sehemu ya kazi hiyo aliichapisha katika kitabu kuhusu watu wa Kenya mwaka wa 1967, nayo michoro mingi imehifadhiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Lakini kazi hii ina dosari ambayo haifai kufichwa. Aliyeiagiza alikuwa mkoloni, aliyependa kuwaona Waafrika wakiwa wamegawanywa katika makabila yasiyobadilika. Isitoshe, malipo na sifa vilimwendea mchoraji. Kina mama waliozilainisha ngozi hizo na kuzishona hawakupata umaarufu wowote, ingawa bila mikono yao pasingekuwa na cha kuchorwa.

Mwaka wa 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, akaleta nyumbani watoto wake watatu. Wawili walipelekwa Rotterdam, naye Elsa akabaki. Kitabu juu yake kilichapishwa mwaka wa 1960, filamu ikafuata mwaka wa 1966, na tangu hapo mchoraji akafunikwa na mlezi wa simba.

Miaka yake ya mwisho aliishi Shaba, katika Isiolo hiyo hiyo, akimlea chui aliyeitwa Penny. Januari 3, 1980 alikutwa ameuawa karibu na kambi yake, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 70. Mwanzoni ilidhaniwa ameshambuliwa na simba, lakini uchunguzi ulionyesha kwamba alichomwa kwa silaha. Kijana aliyewahi kumfanyia kazi alipatikana na hatia mwaka wa 1981. Majivu ya Bi Adamson yalipelekwa Meru, kwenye kaburi la Elsa na lile la duma wake, Pippa.