Habari za Tabibu William Withering

Wako watu wadhanio ya kuwa dawa ya majani haiwezi kudhuru, maana yaota yenyewe porini. Maisha ya William Withering yatufundisha neno jingine, nasi twataka kuyasimulia kwa ufupi.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1741, katika mji wa Wellington. Alijifunza utabibu huko Edinburgh, akamaliza mwaka 1766. Wakati ule hakupenda elimu ya mimea. Lakini baadaye aliipenda mno, hata akatunga kitabu kikubwa juu ya mimea ya nchi yake.

Mwaka 1775 aliulizwa shauri juu ya dawa ya siri ya mama mzee mmoja wa Shropshire. Dawa hiyo ilikuwa na mimea ishirini na zaidi, nayo iliwaponya watu waliovimba mwili kwa maji, hata wengine walioshindikana kwa matabibu. Withering hakumdharau mama yule. Aliichunguza mimea yake, akatambua ya kuwa nguvu imo katika mmoja tu, wenye maua ya zambarau. Jina lake kwa Kilatini ni Digitalis.

Lakini mmea huo ni sumu. Basi kwa muda wa miaka kumi alitafuta kipimo chake. Aliyachuma majani wakati mmea uanzapo kuchanua, akayakausha, akayasaga, akatoa unga kidogo kidogo. Mgonjwa akitapika, au mapigo ya moyo yakipungua mno, aliikomesha dawa. Mwaka 1785 alichapa kitabu chenye habari za wagonjwa wake 163. Wala hakuwaficha wale ambao dawa haikuwafaa. Alifariki mwaka 1799.

Leo twajua ya kuwa dawa hiyo huutia moyo nguvu, na mwili hupata kutoa maji yaliyozidi. Mwaka 1930 dawa iitwayo digoksini ilitolewa katika mmea wa jamii hiyo, nayo yatumika hata sasa kwa uangalifu mwingi, maana kipimo kiponyacho na kipimo kiuacho vyakaribiana sana.

Basi tusiyadharau majani ya wazee wetu, wala tusiyanywe bila kipimo. Na tumpelekapo mgonjwa hospitali, tumweleze tabibu pasipo kuficha ni majani gani amekwisha kunywa.