Mwalimu Christa McAuliffe na safari ya sekunde 73

Wadau, sisi wa Tabora neno mwalimu halitupiti hivi hivi. Nyerere alifundisha hapa St. Mary's kabla nchi nzima haijamwita Mwalimu. Leo nawaletea mwalimu mwingine, wa mbali.

Christa alizaliwa Boston, Marekani, tarehe 2 Septemba 1948, mtoto wa kwanza kati ya watano. Alimaliza chuo mwaka 1970, akaolewa mwaka huo huo, na baadaye akafundisha maarifa ya jamii katika sekondari ya Concord, jimbo la New Hampshire. Hakuwa rubani wala mwanasayansi. Alikuwa mama wa watoto wawili, mwalimu wa chaki kama walimu wetu.

Wakati huo Marekani walikuwa na vyombo vipya vya anga. Vya zamani vilitumika mara moja basi. Hivi vilipaa kwa roketi, vikazunguka dunia, vikarudi kutua uwanjani kama ndege, vikakarabatiwa na kwenda tena. Cha kwanza, Columbia, kilipaa Aprili 1981. Taratibu wakubwa wakaanza kuziona safari hizo kama treni ya Kigoma: ina ratiba, na raia wa kawaida anapanda. Mwaka 1984 Rais Reagan akatangaza kwamba raia wa kwanza atakuwa mwalimu. Waliomba zaidi ya 11,000. Julai 1985 akachaguliwa Christa.

Hapa ndipo anapotugusa sisi watu wa njia ya misafara. Aliahidi kutunza shajara ya safari, kama wale akina mama waliovuka Marekani kwenda magharibi kwa magari ya kukokotwa, huku wakiandika waliyoyaona. Alitaka historia ya anga isimuliwe na mtu wa kawaida.

Sasa tazama njia yetu, Bagamoyo hadi Tabora hadi Ujiji. Tunavyo vitabu vya Burton, Speke na Stanley. Je, wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe na vitambaa, wakashuka pwani na kurudi mwaka hadi mwaka, tunajua majina ya wangapi? Na wao ndio walioijua njia. Kiongozi aliyewapuuza aliweza kuamka asubuhi akakuta mizigo ipo, watu hawapo.

Huko Florida nako waliojua walipuuzwa. Usiku wa kuamkia 28 Januari 1986 kulikuwa na baridi kali. Wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni walionya kwamba mipira ya kuzibia maungio hukakamaa kwenye baridi, huenda isizibe. Wakubwa wakaamua safari iendelee. Asubuhi Challenger ikapaa, safari yake ya 10, na watu saba ndani. Wanafunzi mashuleni walikuwa wanatazama kwenye televisheni, maana anayeondoka ni mwalimu. Baada ya sekunde 73 chombo kikasambaratika angani. Hakupona hata mmoja. Christa alikuwa na miaka 37.

Safari zilisimama zaidi ya miaka miwili. Tarehe 1 Februari 2003 Columbia nayo ikasambaratika ikirudi, wakafa saba wengine. Tuvipe haki yake vyombo hivi: ndivyo vilivyopeleka darubini ya Hubble, na vilibeba sehemu kubwa ya kituo cha kimataifa cha anga. Vilistaafishwa Julai 2011, baada ya safari 135.

Barbara Morgan, mwalimu aliyekuwa akiba wa Christa, alipaa mwaka 2007. Mwaka 2018 Joe Acaba na Ricky Arnold, wanaanga waliowahi kuwa walimu, walifundisha kutoka kituo hicho baadhi ya masomo aliyoyaandaa Christa.

Masomo yamefundishwa, lakini ile shajara haikuandikwa, na haitaandikwa tena. Yetu bado kidogo. Mdau uliyesimuliwa na babu au bibi habari za wapagazi wa ukoo wenu, andika hapa chini, na jina ulitaje.