Hugh Tracey: mtu aliyepima sauti za marimba na likembe

Kijana wa Kalemie akitaka kulinganisha gitare yake leo, anafungua telefone. Anapiga kamba moja, mshale unatembea kwenye ekra. Mshale ukisimama katikati, kazi imekwisha. Lakini ukileta likembe ya babu mbele ya telefone ileile, mshale unakataa karibu kila sauti. Je, babu alikosea? Kuna Mzungu mmoja aliyefanya kazi miaka mingi juu ya swali kama hilo, telefone hizi zikiwa hazijatokea bado. Jina lake ni Hugh Tracey.

Tracey alizaliwa 1903 huko Devon, Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, akingali kijana, alimfuata kaka yake kwenye shamba la tumbako katika Rhodesia ya Kusini, ndiyo Zimbabwe ya leo. Akajifunza lugha ya Wakaranga na nyimbo zao. Katika 1929 alipeleka vijana 14 wa kabila hilo mpaka Johannesburg, safari ya kilometa karibu 800, ili waimbe mbele ya mashine ya kurekodi. Kisha akaingia kazi ya radio huko Durban.

Miaka ya 1940 alikwenda Msumbiji kwa Wachopi, mafundi wa marimba makubwa yanayoitwa timbila. Alitumia diapazoni, yaani chuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga kinatoa sauti moja tu isiyobadilika. Tracey alikuwa nazo 54, kuanzia mitetemo 212 kwa sekunde mpaka 424, kila moja ikipita ingine kwa mitetemo 4. Alipiga ubao wa marimba, akatafuta diapazoni inayopatana nao, akaandika namba. Kwa njia hiyo, sauti iliyosikiwa na masikio tu ikaonekana kwenye karatasi.

Namba hizo zilionyesha jambo kubwa. Fundi wa Kichopi aligawanya oktava katika hatua 7 karibu sawasawa. Oktava ikihesabiwa senti 1200, kila hatua inakuwa senti 171 hivi. Piano ya Wazungu inakwenda kwa senti 100 ao 200. Basi marimba hayakuwa mabaya: yalifuata kipimo kingine, na fundi alikibeba kichwani. Tracey aliandika hayo katika kitabu juu ya Wachopi kilichotoka 1948.

Katika 1952 alifika Kongo na mashine zake za kurekodi. Alipita Katanga, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Albertville, ndiyo Kalemie yetu ya leo. Huko Jadotville, yaani Likasi, alimrekodi Mwenda Jean Bosco, kijana wa gitare ambaye jina lake lilienea mbali sana. Alirekodi pia Waluba, na akarudi tena 1957. Katika 1954 alianzisha nyumba ya kutunza muziki wa Afrika karibu na Johannesburg, na sahani 210 zikatoka humo. Leo kazi yake inatunzwa kwenye chuo kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini.

Lakini maisha yake yana upande mwingine. Miaka hiyohiyo ya 1950 alianza kutengeneza kalimba za kuuza ngambo, na hizo alizilinganisha kwa kipimo cha Ulaya, ili wanunuzi waweze kupiga nyimbo walizozoea. Kwa hiyo likembe iliyojulikana sana duniani ni ile iliyoacha sauti ya babu zetu. Hata yeye aliyepima kwa uangalifu hakuweza kushinda soko.

Tracey alikufa 1977. Swali lake limebaki hapa kwetu. Telefone nyingi zimefundishwa sauti 12 za piano tu. Mshale ukikataa, maana yake ni kwamba sauti haiko ya piano, haisemi kwamba fundi amekosea. Programu nyingi zinaonyesha pia hesabu ya mitetemo, yaani hertz. Basi mbele ya kugusa likembe ya mzee, rekodi kila ulimi wake, kisha andika namba zake kwenye kayé. Ulimi ukishavutwa ao kusukumwa bila namba hizo, na mzee hayuko tena, hakuna atakayeweza kuurudisha mahali pake.