Alfred Binet, Mpimaji wa Akili

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mpenzi msomaji, leo nataka kukujuza juu ya bwana mmoja aliyezipima nywele hizo bila kumdharau mwenye kichwa.

Alfred Binet alizaliwa tarehe 8 Julai 1857 mjini Nice, ambao siku hizi uko Ufaransa. Babake alikuwa daktari na mamake mchoraji. Binet alisomea sheria akafuzu mwaka wa 1878, lakini moyo wake haukuwa huko. Akaanza kujisomea saikolojia katika maktaba mjini Paris. Baadaye aliwapima mabinti zake wawili nyumbani, akaona kila mmoja ana namna yake ya kuwaza.

Mnamo 1900 alitoa kitabu kuhusu jinsi watu wanavyoshawishika. Aliwaonyesha wanafunzi kifungo kilichobandikwa kwa gundi, kisha akawauliza uzi uliokishika ulikuwa wa rangi gani. Wapo waliotaja rangi, na uzi wenyewe haukuwako! Hapo unaona vile swali baya laweza kumfunga mtu asiye na hatia kortini.

Mwaka wa 1904 serikali iliunda tume ya kutafuta watoto waliohitaji mafunzo ya pekee. Hatari ilikuwa kubwa, maana mtoto angetolewa darasani eti kwa sababu mwalimu hampendi, ama yeye ana haya tu. Hivyo mwaka wa 1905 Binet na daktari Théodore Simon walitoa majaribio 30, kutoka mepesi hadi magumu: kuonyesha viungo vya mwili, kurudia tarakimu, kueleza tofauti ya nzi na kipepeo.

Binet aliamini kwamba akili hukua ikifunzwa. Alifariki Paris tarehe 18 Oktoba 1911, akiwa na miaka 54. Baada yake, huko Marekani wengine waligeuza kipimo chake kuwa muhuri wa maisha, na kuna watu waliofungwa uzazi kwa nguvu kwa kuitwa wapungufu wa akili.

Siku hizi wataalamu hupima watoto wanaolemewa na masomo, watu wazima walioumia kichwa, hata washtakiwa, kwa maswali ya ukoo huo huo. Kwa hivyo mwenzangu, ukishika mkia usikate tamaa. Kipimo ni cha kuonyesha pa kuanzia, si pa kuishia.