SHEIKH AL-AMIN MAZRUI: YATIMA ALIYERITHI ELIMU YA BABAKE

 

Hebu nikuulize kitu. Jioni hizi baada ya swala ya Alasiri, tukingoja adhana ya Magharibi, wewe huketi na nani? Wengi wetu vijana tuna upande wetu, kila mtu na simu yake. Wazee nao wana upande wao. Tunapeana salamu, basi. Mwezi unaisha hatujazungumza nao hata nusu saa. Kabla hujaniambia kwamba wazee wana maneno mengi, wacha nikueleze maisha ya mtu ambaye jina lake bila shaka umelisikia.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Babake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa wa pwani yetu. Lakini alifariki mwaka 1894, mtoto akiwa na miaka kama mitatu tu. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ile iliyokuja kupita hapa kwetu Voi, Al-Amin alikuwa tayari ni yatima. Hebu fikiria: baba ana elimu ya miaka mingi kifuani, na mwana bado hajajua hata alifu. Si elimu ile ingezikwa na mwenyewe?

Haikuzikwa, alhamdulillah. Kulikuwa na kijana mmoja katika jamaa yao, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, aliyesoma kwa Sheikh Ali alipokuwa hai. Huyo ndiye aliyemlea Al-Amin na kumsomesha. Umeona hapo, ndugu yangu? Al-Amin hakumpata babake, lakini alikipata kile babake alichomwachia kijana aliyekuwa karibu naye. Lau Suleiman angekuwa ni wa kuwakimbia wazee, yule yatima angekuta nini?

Al-Amin naye alipokua hakutosheka na elimu ya nyumbani. Alivuka bahari kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Masheikh hawa walikuwa wakubwa wake kwa miaka thelathini hivi. Siku hizo hakuna kaseti wala CD za mawaidha. Ukitaka elimu ya mtu, unamfuata alipo, unaketi naye, unamngojea. Na Subhanallah, wote wawili walifariki katika mwaka mmoja, 1925. Al-Amin alikuwa na miaka kama 34. Kama angesema nitaenda mambo yangu yakitulia, angekuta makaburi.

Usidhani kwamba kukaa na wazee kulimfanya awe mtu wa kuitikia kila jambo. La! Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo la Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah. Humo aliwaamsha Waislamu wa pwani. Alihimiza elimu, hata ya wasichana. Alikemea uzushi katika dini, na akaonya watu wasiige kila kitu cha Wazungu. Si wazee wote waliyapenda maneno yake. Kwa hivyo kuwa rafiki wa mzee si lazima ukubaliane naye kwa yote. Lakini aliyeketi akasoma, akizungumza huwa anajua anachokisema.

Mwaka 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya. Na sasa zamu ikawa yake. Vijana walikuja kwake kama yeye alivyowaendea wenzake. Mmoja wao ni Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, ambaye baada ya uhuru alikuwa Kadhi Mkuu hadi mwaka 1968.

Sheikh Al-Amin alifariki mwaka 1947, rahimahullah, akiwa na miaka kama 56 tu. Alimwacha mwanawe Ali, aliyekuja kuwa Profesa Ali Mazrui, akiwa na miaka 14. Naye pia yatima, kama babake! Lakini safari hii pia elimu haikuzikwa, kwa sababu walikuwapo waliokuwa wameshaketi na mwenyewe.

Ndugu msomaji, sisi hapa tuna wazee. Kuna waliofanya kazi reli, kuna waliofanya kazi mashamba ya mkonge, kuna wanaojua msikiti wa mtaa wenu ulianza vipi na ni nani waliosomesha watoto kabla madrasa haijakuwa na jengo. Haya hayakuandikwa popote. Yako vifuani mwao, na kila mwaka tunawazika wengine.

Basi Ramadhan hii chagua mzee mmoja. Dada yangu, nawe chagua bibi mmoja. Mpelekee tende, mshike mkono mkirudi kutoka tarawehe, muulize swali moja kisha unyamaze umsikilize. Siku ya pili rudi tena, maana urafiki ni kurudi. Wazazi nanyi, enda na mtoto wako kwa mzee unayemwamini, aone vile wewe mwenyewe unavyomheshimu. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuwaheshimu wakubwa na kuwahurumia wadogo, na haya mawili hayapatikani kama kila mmoja yuko upande wake.

Usingoje Idi. Usingoje mfungo wa mwaka ujao. Hujui ni nani atakayekuwapo, yeye ama wewe.

Ewe Mola, warehemu masheikh wetu waliotangulia, wape afya wazee wetu tulio nao, na utujaalie sisi vijana tuwe warithi wema. Amin.

Wabillahi tawfiq.