Fundi Aliyeliuza Jina Lake

Wasomaji wetu wengi wamepata kuliona jina la Chevrolet juu ya malori na magari madogo, lakini tunadhani ni wachache waliojiuliza kama liliwahi kuwa jina la mtu. Mwenyewe, Louis Chevrolet, alizaliwa tarehe 25 Desemba 1878 katika mji wa La Chaux-de-Fonds, Uswisi, akiwa mwana wa fundi wa saa. Alikulia Beaune, Ufaransa, ambako alijifunza kutengeneza baiskeli na kushindana kwazo. Mwaka 1900 alivuka bahari hadi Kanada, kisha akaingia New York.

Mwaka 1905, akiendesha Fiat, alimshinda Barney Oldfield, dereva aliyevuma kuliko wote Marekani siku zile. Sifa hiyo ilimfikia William Durant wa kampuni ya Buick, akamwajiri ili ayapeleke magari yake mashindanoni. Novemba 1911 wawili hao wakaanzisha mjini Detroit kampuni iliyopewa jina la dereva. Hatuoni ajabu: Durant alikuwa mfanyabiashara, na jina lililokwisha kuzoeleka magazetini ni mali. Lakini hawakupatana. Fundi alitaka gari kubwa la fahari, na la kwanza liliuzwa kwa dola 2,150. Mwenziwe alitaka gari rahisi la kupambana na Ford. Haukupita muda Louis akajitoa na kuziuza hisa zake. Jina likabaki kwa Durant, wala mwenyewe hakuwa na haki tena ya kuliandika juu ya gari alilolitengeneza kwa mikono yake.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo inapoanza sehemu bora ya maisha yake. Mtu huyu aliyependa magari makubwa ndiye aliyeingia katika mashindano ya maili 500 ya Indianapolis, mwaka 1915, na kigari kiitwacho Cornelian. Sheria iliruhusu injini za karibu lita 5. Yake haikufika lita 2. Kilikimbia mizunguko 76 kati ya 200, yaani maili 190, ndipo valvu ikaharibika. Katika orodha ya magari 24 aliandikwa wa 20. Anayesoma orodha tu atakipita kigari hicho bila kukitupia jicho, naye atakuwa amekosea, kwa maana miaka mitano baadaye sheria yenyewe ilizipunguza injini hadi lita 3.

Mwaka huo wa 1920 mshindi wa Indianapolis alikuwa Gaston, mdogo wake Louis, katika gari aina ya Monroe lililoundwa na ndugu hao. Furaha haikudumu. Tarehe 25 Novemba Gaston alikufa mashindanoni Beverly Hills. Louis hakushindana tena Indianapolis, ingawa mwaka 1921 Tommy Milton alishinda huko kwa gari lake, Frontenac.

Baadaye, pamoja na ndugu yake Arthur, alitengeneza vichwa vya injini vya kufungwa katika Ford Model T, gari la bei nafuu la mkulima, ili liweze kushindana. Mwaka 1923 Ford ya namna hiyo ilishika nafasi ya tano Indianapolis, mbele ya magari ya gharama kubwa. Basi mtu aitwaye Chevrolet akawa anapata riziki kwa kuzitia mbio Ford, wakati Durant alilichukua jina lake ili aishinde Ford hiyo hiyo!

Biashara zake hazikusimama. Katika miaka ya 1930 alifanya kazi ya kuajiriwa katika kiwanda cha Chevrolet, akiingia kila siku kwenye lango lenye jina lake. Alikufa tarehe 6 Juni 1941, baada ya kukatwa mguu, akazikwa Indianapolis, katika makaburi yale yale alimolazwa Gaston.