Mark Twain: Aliyempa Hawa diari

Jina lake halisi Samuel Clemens, mzaliwa wa Missouri, Marekani, mwaka 1835.

Mwaka 1893 alichapisha diari ya Adamu. Humo baba yetu analalamika: huyu mgeni anaongea mno, na kila mnyama anampa jina yeye!

Juni 1904 mke wa Twain, Olivia, akafariki Italia. Mwaka uliofuata ikatoka diari ya Hawa. Mwaka 1906 maktaba moja ya Massachusetts ikaipiga marufuku, eti michoro inamwonyesha Hawa bila nguo. Kwani Edeni kulikuwa na fundi cherehani?

Ila ukifika mwisho, kicheko kinakata. Adamu yuko kaburini kwa mkewe, na sasa anajua Edeni yake ilikuwa nani.

Twain naye alimfuata Olivia mwaka 1910.